Kiti cha Saba Kimebaki Kwangu

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili kaninunulia binti yangu, mwalimu. Kasema, "Baba, andika kila unachokikumbuka kuhusu vile viti, na kila siku inayopita andika kidogo. Watakuja kuuliza." Shule niliishia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu umenyooka kuliko wa makarani wengi. Mkono uliozoea penseli ya seremala hauendi upande. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Jana binti alinionyesha kwenye simu yake tangazo la mnada wa sanaa ya kisasa na samani za wasanifu wakubwa. Mnada utakuwa Mei tarehe kumi. Picha za kwanza zilikuwa za kuta zilizopakwa rangi ovyo, hata mbuzi akikanyaga ndoo ya rangi angefanya vile. Kisha akasogeza kidole, nikaviona. Viti sita vimepangwa mstari, nyuma yake pazia jeupe. Nikasimama.

"Hivyo ni vyangu," nikamwambia.

Akacheka, akadhani nimevifananisha tu. "Baba, hapa wameandika ni kazi ya Msanifu."

Msanifu namjua. Marehemu sasa. Miaka arobaini na moja iliyopita alikuja karakana kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne, kachora kiti ambacho mtu akikikalia angeanguka kifudifudi. Nikamwambia, bwana, kalamu haijui uzito wa binadamu. Nikalaza egemeo nyuma kwa vidole vitatu, nikapanua miguu ya mbele, nikaunga kwa ulimi na tundu bila msumari hata mmoja. Msumari ni wa mafundi waoga. Nilichonga mwenyewe, nikaunga mwenyewe, nikasuka kikalio kwa kamba ya katani mwenyewe. Vilikuwa saba. Cha kwanza kilikuwa cha kujaribia, nikabaki nacho. Sita alichukua, alilipa vizuri, sina deni naye. Lakini kumbe alikwenda navyo akaviita vyake. Hayo yote nikamsimulia tena binti.

Mke wangu alikuwa amekaa dirishani, kwenye kile kile cha kwanza. Ndipo anapokaa mchana kutwa tangu apigwe kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia ukafa. Maneno yanamtoka polepole, ila yanatoka.

"Ulisuka?" akauliza.

Nikamwambia mama, tulia, mambo ya kazi haya.

Jumanne, Machi 4

Leo nimenoa patasi zote. Joto kali. Mawingu yamekaa mbali.

Alhamisi, Machi 6

Binti kapiga simu nyumba ya mnada. Kaongea na mtaalamu wao wa samani, mwanamke, na hakumcheka. Kasema orodha ya mnada imeandika "mtengenezaji hajulikani" na wao wenyewe wangependa ajulikane. Atakuja mwenyewe kukitazama kiti changu mwezi ujao. Akipata ushahidi, jina langu litaandikwa pamoja na la Msanifu na litasomwa mbele za watu siku ya mnada.

Litasomwa mbele za watu! Mimi nimetengeneza vitanda walimozaliwa watu na majeneza walimozikwa, na hakuna aliyewahi kulisoma jina langu popote isipokuwa kwenye kadi ya kliniki.

"Ila kasema kitu kimoja, baba," binti akaniambia. "Kasisitiza. Kiti kiacheni kama kilivyo."

Nikatabasamu. Mtu mwenye adabu yule. Mgeni yeyote mwenye adabu akisema anakuja husema msijisumbue, nitakula chochote. Sasa wewe ukakae kweli bila kujisumbua, umpe maji matupu? Hiyo itakuwa aibu ya mwenye nyumba.

Jumapili, Machi 9

Leo nimekichukua kiti. Naandika kirefu kwa sababu ilikuwa siku ya maneno.

Kiti kimechoka, hilo lazima niseme. Watoto watatu wamenyonyeshewa hapo. Mikono ya egemeo imekuwa myeusi kwa jasho na mafuta. Chini ya mguu mmoja kuna alama ya jembe, kwenye ubavu kuna michirizi ya kalamu ya kifunga mimba wetu alipokuwa mdogo. Kikalio kimelegea katikati kama machela, kamba nyingine zimechanika na kuning'inia. Mtaalamu aje kuona hicho? Aseme huyu ndiye fundi?

Nikamwinua mke wangu taratibu, nikamweka kwenye kiti cha plastiki cha uani.

"Unakipeleka wapi?"

"Karakana. Nakitengeneza. Kitarudi kama siku ya kwanza."

"Fundi," akasema. Tangu tuoane hajawahi kuniita jina lingine. "Mbao fanya utakavyo. Kamba usiguse."

"Kamba ndiyo mbovu kuliko vyote!"

"Usiguse kamba."

"Mama, wewe unajua nini kuhusu viti? Umekikalia tu."

Aliweka mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, kama anaufunika usipate baridi. Nikajua kachoka.

Nilifika karakana nikakipindua, nikachukua kisu, nikakata kamba zote pande nne. Kikalio kilidondoka mzima mzima kama ngozi ya mnyama. Vumbi lake lilinikohoza. Nikakitupa pembeni karibu na jiko la kupikia gundi, nikachukua randa.

Nilipiga randa kila mahali, juu na chini, hata pale ambapo jicho halifiki. Fundi wa kweli hujulikana chini ya kiti. Mbao ilitoka nyekundu na safi kama nyama. Nilikuwa naimba.

Jumatatu, Machi 10

Mvua imeanza. Kubwa.

Jumatano, Machi 12

Mvua. Kuni zimelowa, jiko la gundi halikubali. Nimechukua kipande cha kamba kuukuu nikawashia. Inashika moto upesi ajabu, kama karatasi.

Jumamosi, Machi 15

Nimepaka vanishi mkono wa kwanza. Si hizi za kopo za siku hizi, ni ile ya zamani ya kuyeyusha kwenye spiriti, niliyovipaka vile sita.

Jumapili, Machi 16

Haijakauka. Mvua. Mke wangu kashinda kwenye plastiki.

Jumanne, Machi 18

Haijakauka. Kamba nyingine nimewashia jiko.

Jumamosi, Machi 22

Imekauka, lakini imegeuka nyeupe kama ukungu kwenye kioo. Unyevu huu. Vanishi hii inapakwa kiangazi, nalijua hilo, niliwafundisha watu hilo, lakini mtaalamu hangoji kiangazi. Nimeikwangua yote kwa kipande cha chupa. Mbao nayo imeondoka kidogo.

Jumapili, Machi 30

Kinyozi wa mbele ya karakana, tunamwita Kibogoyo, kaja kujikinga mvua. Meno hana lakini mdomo anao.

"Mzee, bado unakikwangua tu? Kufika mwezi wa tano kitakuwa kijiko."

"Wewe kata nywele za watu, ufundi mwachie mwenyewe."

"Nasikia umetajirika. Viti vyako viko mnadani na watu waliovaa tai."

"Si utajiri. Ni jina."

"Jina!" akacheka mpaka fizi zote zikaonekana. "Nilidhani una jina tayari. Sisi tunakuita Mzee Mimi. Maana kila kitu ni mimi, mimi, mimi."

Nikamwambia atoke akalowe. Hakutoka. Akaokota kikalio cha zamani pale chini, nusu yake ilikuwa imeshaungua, akakigeuza mkononi.

"Hii kazi ya nani? Nzuri hii. Babu yangu alisuka vitanda, sijaona mkono huu."

"Yangu," nikasema. "Lete huku."

Nikaitupia jikoni mbele yake. Sikupenda alivyoitazama.

Ijumaa, Aprili 4

Mkono wa pili wa vanishi umegeuka mweupe vilevile. Nimekwangua tena.

Jumatatu, Aprili 7

Mvua. Haijakauka.

Ijumaa, Aprili 11

Leo nilitoka karakana saa sita nikamkuta mke wangu sakafuni. Kiti cha plastiki kimeteleza kwenye saruji yenye maji, yeye kaanguka na ubavu wa kulia. Hakuwa analia. Alikuwa amelala akitazama chini ya kabati.

"Umeanguka lini?"

"Redio ilikuwa inatangaza habari."

Habari ni saa nne. Saa mbili nzima.

"Kwa nini hukuita?"

"Niliita, Fundi. Ulikuwa unapiga msasa."

Nilimwinua. Binti alikuja jioni, akamkanda kwa maji ya moto, akanisema kama mtoto. Baba, miaka yote kakaa kwenye kiti kile, kinamshika mgongo, wewe umemweka kwenye plastiki mwezi mzima kwa ajili ya watu wa mnada. Nikamjibu kuwa ni kwa ajili ya jina la nyumba hii, ambalo na yeye analo. Akasema mama hajawahi kudai jina. Nikamwambia mama yako hakutengeneza kitu cha kudaia.

Mke wangu alikuwa anasikia. Chumba ni kimoja na pazia.

Jumatano, Aprili 16

Jua lilitoka siku mbili mfululizo, nikaiwahi. Imekauka! Inang'aa hadi unajiona uso. Hakuna fundi aliye hai anayeweza kung'arisha hivi, narudia, hakuna.

Jumamosi, Aprili 19

Nimesuka kikalio kipya. Nimenunua kamba mpya, nyeupe, imara. Nimepitisha juu na chini, juu na chini, nikafunga na kukata. Nimekirudisha ndani, nikakiweka dirishani, nikamwita mama aje kuona.

Akasimama akishika ukuta. "Nani kasuka hiki?"

"Nani tena? Mimi."

Akakibonyeza kwa kidole, akarudi kwenye plastiki. Nikamwambia akae, akasema kinanuka spiriti.

Jumamosi, Aprili 26

Sijui nianzie wapi. Nitaandika yote, kwa sababu binti alisema niandike.

Mtaalamu alikuja saa nne asubuhi na mvua nyepesi. Mwanamke wa makamo, viatu vya kawaida, begi la kamera. Akanisalimu kwa heshima, akaenda kwa mke wangu akamsalimu pia, akainama hadi usawa wake. Binti akaleta chai. Mimi nilivaa shati la harusi ya kifungua mimba.

Akauliza, "Kiti kiko wapi, mzee?"

Nikamwonyesha kwa mkono wote, kama mtu anayefungua pazia. Kilikuwa kinawaka pale dirishani.

Alitazama kiti. Akatazama kiti. Kisha akamgeukia binti yangu. "Kile cha zamani, namaanisha."

"Ndicho hicho," nikasema. "Nimekitengeneza. Kilikuwa kimechakaa mno, kingeniaibisha."

Akaweka kikombe chini. Akapiga magoti, akakipindua, akapitisha taa ndogo kila kona, ulimi kwa ulimi. Alikaa pale chini muda mrefu. Aliposimama, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea hospitali.

"Mzee, umekivua ngozi. Ningekiweka kando ya vile sita. Rangi ile ile, alama za randa ile ile, uchafu wa miaka ile ile. Sasa hiki kinaweza kuwa kimetengenezwa wiki iliyopita na mtu yeyote aliyeona picha."

"Mtu yeyote? Angalia maungio!"

"Maungio ni mazuri sana. Lakini yamechapishwa kwenye vitabu, wengi wameyaiga."

Nikasema nitafute kalamu nichore, niulize swali lolote, nitajibu. Binti alikuwa anatazama sakafu.

Mtaalamu akafungua begi, akatoa picha. "Liko jambo moja ambalo halijawahi kuchapishwa," akasema. "Chini ya vikalio vyote sita, kona ya nyuma kushoto, pameishia fundo hili. Tumewauliza wasukaji wengi, hakuna aliyewahi kuliona. Aliyesuka alirudisha kamba ndani yake mara mbili, halafu akaificha ncha. Ni kama saini. Aliyelifunga hili ndiye anayejua viti hivi vilitoka wapi." Akanitazama. "Nani alisuka?"

Hapo ndipo.

Mke wangu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, kwenye kiti cha plastiki, mkono juu ya mkono. Nilikuwa na muda wa kutosha. Gari lilipita barabarani likarusha maji, nikalisikia lote hadi likaisha.

"Mimi," nikasema.

Mtaalamu akafurahi. Kweli alifurahi, uso wake ulifunguka. Akatoa mfukoni kipande cha kamba, urefu wa mkono. "Basi, mzee wangu, nifungie moja tu hapa. Nitapiga picha na kazi imekwisha."

Nilipokea kamba. Nikairudisha ndani mara moja, ikafunguka. Nikaanza upya. Nilifunga fundo la mzigo. Nilifunga fundo la kawaida la kuni. Vidole hivi vimechonga majeneza ya watu mia, lakini kamba haikuvitii. Nikasema macho siku hizi. Nikasema kamba hii si aina yenyewe. Nikasema miaka mingi imepita.

Nilimtazama mke wangu mara moja tu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaitazama kamba, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinacheza gotini, polepole, kama vya mtu anayekumbuka wimbo.

Ningeweza kusema hata wakati huo.

Mtaalamu akachukua kamba yake kwa upole. "Usijali, mzee. Asante kwa chai." Akafunga begi. Mlangoni akamwambia binti maneno niliyoyasikia: watu wengi hujitokeza kabla ya mnada, si kwa ubaya, huwa wanaamini.

Nimewekwa kundi moja na matapeli wanaoamini uongo wao.

Jumapili, Aprili 27

Nimechakura karakana yote tangu alfajiri. Chini ya meza, kwenye maranda, ndani ya majivu ya jiko. Nimepata kipande cha kamba kuukuu urefu wa shubiri. Hakina fundo. Kona ya nyuma kushoto itakuwa niliichoma siku ile mbele ya Kibogoyo, au kabla. Sijui. Niliichoma kona moja moja kupikia gundi.

Jumatatu, Aprili 28

Mvua.

Jumatano, Aprili 30

Leo naandika ukweli, maana hapo juu nimeandika uongo na kalamu haifutiki.

Sikusuka. Alisuka yeye. Mwaka ule alikuwa na mimba ya pili, anakaa sakafuni karakana na miguu kainyoosha, kiti katikati ya mapaja, anasuka huku ananisema nifunge dirisha. Vyote saba. Nilikuwa namwambia fanya haraka, Msanifu anakuja Ijumaa. Hata egemeo. Nilimlalamikia kuwa mchoro wa Msanifu hausimami, akasema kilaze nyuma, mgongo wangu unauma. Nikakilaza vidole vitatu. Yale maneno ya uzito wa binadamu nilikuja kuyaongeza baadaye, nilipokuwa nasimulia, na nimesimulia miaka arobaini mpaka nikawa namwona mwenyewe nimekaa pale sakafuni na kamba mikononi.

Yeye alikuwa akisikia kila mara. Wageni wakija, mimi nasimulia, yeye anamimina chai.

Nimemwambia leo. Nimesema, mama, nimekukosea. Akasema, "Lini?" Sikujua kama anatania.

Ijumaa, Mei 2

Nimempelekea kamba mpya. Nikamwambia nionyeshe, mimi nitakuwa mkono wako wa kulia, wewe uwe wa kushoto, tukifunga moja tu binti atalipeleka kabla ya tarehe kumi.

Tumekaa tangu saa tatu hadi adhuhuri. Yeye anashika ncha moja, mimi nashika nyingine.

"Ingiza."

"Wapi?"

"Hapo. Si hapo. Rudisha. Umevuta mno."

"Hivi?"

"Hivyo hapana."

"Sasa vipi, mama? Sema basi."

Akafumba macho. Alijaribu kuusogeza mkono wa kulia, bega ndilo likapanda. "Siwezi kusema," akaniambia. "Sikuwahi kulijua kwa maneno. Mkono ndio uliokuwa unajua."

Jumamosi, Mei 3

Tumejaribu tena. Fundo limekuja nusu, likafunguka.

Jumapili, Mei 4

Amekataa. Kasema kachoka kuitazama mikono yangu.

Jumanne, Mei 6

Nimempigia mtaalamu mwenyewe. Sikumwambia binti. Nikamwambia, bibie, nilikudanganya, aliyesuka ni mke wangu, yule uliyemsalimu.

Akauliza, "Anaweza kulifunga?"

"Mkono wake umekufa."

"Kuna kazi yake nyingine yoyote? Kikapu, kitanda, chochote alichosuka?"

Nikafikiri nyumba nzima, kona hadi kona. Vitanda tuliuza. Vikapu vilichakaa tukatupa. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, na mke wangu alinikataza mara mbili nisikiguse.

"Hakuna," nikasema.

"Mzee wangu, juzi juzi uliniambia ni wewe. Leo ni mkeo. Niandike lipi?" Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. "Pole sana. Mpe salamu zangu."

Nikakaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Alhamisi, Mei 8

Kibogoyo aliniita kuninyoa, nimepita kama sikumsikia. Mvua zinapungua.

Jumamosi, Mei 10

Mnada ni leo. Saa kumi. Nilikaa karakana bila kufanya kitu. Saa kumi na moja nikasema sasa nyundo imeshagongwa.

Jumatatu, Mei 12

Binti kaja na gazeti. Matokeo ya mnada yamejaza ukurasa. Michoro ile ya rangi ovyo mingine haikupata mnunuzi, imerudi ilikotoka. Viti sita vimekwenda kwa bei ambayo binti aliisoma mara tatu, ni nyumba mbili na shamba. Waandishi wanasema ndiyo habari ya msimu. Bei nimeisikia kama bei ya kitu cha watu wengine.

Chini yake imeandikwa, na hii nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole kwenye mstari: mtengenezaji hajulikani, msukaji hajulikani. Neno la pili wameliongeza baada ya kuja hapa. Mwanzo halikuwepo. Kwa hiyo tumewasaidia kujua kuwa walikuwa watu wawili wasiojulikana.

Binti alilia, akaenda jikoni kujifanya anaosha vyombo.

Mke wangu akaomba aone picha. Nikamshikia gazeti mbele ya macho. Ni picha ya vijana wawili wanabeba kiti kimoja kukitoa ukumbini, wamekiinamisha, upande wa chini unaonekana. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa inaonekana kabisa. Akaitazama muda mrefu, kisha akagusa karatasi kwa kidole cha kushoto. Hakugusa pale penye fundo. Aligusa mikono ya wale vijana.

"Wamevaa glavu," akasema.

Nikasema ndiyo, mama, wamevaa.

"Nyeupe."

Mimi nilikuwa na kisu siku ile, na nilikuwa naimba.

Baadaye binti alipoondoka aliniomba nimkate kucha za mkono wa kulia, maana kwa kushoto hawezi na binti huwa anasahau. Nikaleta mkasi mdogo, nikakaa sakafuni mbele ya kiti cha plastiki, nikauchukua ule mkono nikauweka gotini kwangu. Mkono hauna kazi lakini kucha zinaota vilevile, ndefu kama za mtu mwenye afya. Nilikata moja moja. Miaka arobaini na mitano ya ndoa na sikuwahi kuvishika vidole vyake kimoja kimoja. Ni vyembamba. Kwenye kidole cha shahada, upande wa ndani, kuna ugumu wa zamani, mstari mmoja, mahali kamba ilipokuwa inapita. Nilipoufikia huo nilibana sana bila kukusudia, nikashtuka, nikamwuliza kama nimemuumiza.

Akasema hahisi kitu.